KWA WAZAZI: Mtoto wa sekondari aliye chuoni

Wengine kati yenu mna ndugu waliohamia Marekani, nao huenda wamewaandikia hivi: mtoto wetu bado yu sekondari, lakini anasoma chuo kikuu. Msidhani wanajigamba. Jambo hili lina sheria yake.

Jimbo la Minnesota ndilo lililotangulia. Mwaka 1985, Rudy Perpich alipokuwa gavana, sheria iliwaruhusu watoto wa darasa la 11 na la 12, yaani miaka miwili ya mwisho ya sekondari, wakasome masomo ya chuo. Somo moja huhesabiwa mara mbili: humsaidia mtoto kumaliza sekondari, tena huwekwa akiba kwa ajili ya shahada. Karo na vitabu hulipwa na serikali, ila vitabu ni vya kuazima, hurudishwa. Hata gharama za safari, jamaa maskini waweza kuomba warudishiwe.

Fedha hizo zatoka wapi? Hapo ndipo penye ugomvi. Sehemu ya fedha ambazo shule ingepewa kwa ajili ya mtoto yule humfuata chuoni. Basi wakuu wa shule wengi hawakuipenda sheria, wala siwalaumu sana: mtoto mmoja akiondoka, darasa bado lataka mwalimu na paa. Kwa miaka mingi hata vyuo vilikatazwa kuwavutia watoto kwa kuwatajia faida ya fedha. Ajabu, katika nchi ya matangazo kama ile!

Mwaka 2012 mlango ulifunguliwa kwa darasa la 10 pia, lakini kwanza kwa somo moja la ufundi. Akipata alama ya C au zaidi, huongezewa.

Sasa nisikilizeni, ninyi mtakaoombwa shauri. Alama aipatayo mtoto chuoni haifutiki. Mtoto wa miaka 16 akizembea akaanguka, alama ile itamngoja mpaka siku atakapoingia chuo akiwa mtu mzima, na huenda ikamnyima msaada wa fedha. Tena si kila chuo hukubali masomo yaliyosomwa chuo kingine. Mwambieni ndugu yenu aulize mambo mawili kabla ya kutia sahihi. Je, chuo anachokitamani mtoto kitayapokea masomo hayo? Na mtoto mwenyewe, huamka asubuhi bila kuitwa?