Tusingoje Giaboksi Iungue Ndipo Tumlaumu Dereva

Tangu barabara ya Musita, Mayuge, Lumino na Busia ilipotiwa lami, yenye urefu wa kilomita 104 hivi pamoja na tawi lake la kwenda Majanji, mji mdogo wa Lumino umekuwa njia ya mizigo mizito. Samaki wa Majanji, mchanga na mawe ya ujenzi, saruji ya Tororo, mihogo na mahindi ya wakulima, yote hupita hapo. Pikapu huvuta tela, trekta huvuta miwa, na malori yanayotoka mpakani hupita kuelekea Jinja. Hii ni neema, kwani mkulima asiye na usafiri hana soko.

Lakini neema hiyo ina gharama yake. Si ajabu kuona kando ya barabara gari lililokwama na shehena yake, utingo ameketi kivulini, na fundi amelala chini ya gari akifungua giaboksi iliyoungua. Mwenye gari anapofika, swali lake la kwanza huwa: "Dereva amefanya nini?" Kwa maoni yangu, swali hilo linaanzia mwisho. Mara nyingi giaboksi huungua kutokana na maamuzi yaliyofanywa kabla gari halijaondoka, na mwenye gari ndiye mwenye sehemu kubwa katika maamuzi hayo.

Yafaa kwanza tuelewe joto hilo linatoka wapi. Chukua mfano wa lori ambalo injini yake inatoa kilowati 200 likipanda mlima. Iwapo sehemu 3 tu kati ya 100 za nguvu hizo zitapotea katika msuguano wa meno, beringi na mafuta, basi kilowati 6 zinageuka kuwa joto. Hizo ni sawa na pasi 6 za umeme, za wati 1,000 kila moja, zikiwaka kwa pamoja ndani ya sanduku moja la chuma. Joto hilo hutoka kwa kupitia ukuta wa sanduku na kuchukuliwa na upepo unaopita chini ya gari. Gari lenye mzigo mzito likienda polepole, upepo huo ni haba. Na iwapo giaboksi imegandwa na tope la njia za vijijini, ni kana kwamba imevishwa blanketi.

Katika magari mengi meno ya chini huoga katika mafuta na kuyarusha juu ili yafikie meno na beringi nyingine. Mafuta yakipungua, sehemu za juu hukauka. Yakipata joto kupita kiasi, huwa mepesi kama maji na kushindwa kutenganisha chuma na chuma. Wahandisi hukadiria kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, maisha ya mafuta hupungua kwa nusu. Tena magari mengi yana mshale wa kuonyesha joto la maji ya injini, lakini hayana mshale wowote wa giaboksi. Dereva hupata habari pale anaposikia harufu ya mafuta yaliyoungua, au gia inapokuwa ngumu kuingia, au inapochomoka yenyewe. Wakati huo madhara yamekwisha kuanza.

Baadhi ya watu watasema kwamba Lumino haina milima kama ile ya Timboroa nchini Kenya, ambako barabara ya kutoka Mombasa hupanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ni kweli, na hapo ndipo ulipo mtego. Lori lililovuka Bonde la Ufa hufika Busia mafuta yake yakiwa yamekwisha kuchoka, kisha kwa kuwa mbele ni tambarare hakuna anayeona haja ya kuyakagua. Naye dereva wa pikapu yenye tela huweka gia ya 5 na kuiacha humo safari nzima. Katika giaboksi nyingi za gia 5, gia ya 4 hupitisha nguvu moja kwa moja katika shafti kuu, ilhali gia ya 5 huipitisha kwenye meno madogo ambayo aghalabu yako mwisho wa sanduku. Anayevuta mzigo mzito atumie gia ya 4. Injini italia zaidi kidogo, lakini giaboksi itapumua.

Sasa turudi kwa mwenye gari. Yeye ndiye anayeamua tani ngapi zipakiwe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli 7. Kikomo hicho kimewekwa ili kulinda barabara, na hakimaanishi kwamba kila gari lina giaboksi ya kustahimili kila mzigo. Pikapu iliyoundwa kuvuta tani 2 ikipewa tani 4 haitakamatwa na mzani wa ekseli, ila itakamatwa na joto. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepakia akiwa amesimama chini hauhisi uzito huo.

Mwenye gari ndiye pia anayenunua mafuta, na wako wanaotia mafuta ya difu katika giaboksi kwa sababu yalikuwa karibu. Baadhi ya mafuta hayo yana dawa zinazokula pete za shaba zinazosaidia gia kuingia. Wengine hudhani kwamba kujaza kupita kiasi ni usalama zaidi. La hasha! Mafuta yakizidi hupigwa yakatoa povu, yakapata joto na kusukuma sili. Kipimo sahihi katika magari mengi ni ukingo wa tundu la pembeni, gari likiwa limesimama mahali sawa na limepoa. Kadhalika tundu la kupumulia lisiachwe lizibwe na tope, maana hewa yenye joto isipopata njia huyatoa mafuta nje.

Liko kosa jingine linalofanyika pale ambapo gari limekwisha kuharibika. Lori hufungwa mnyororo na kuvutwa hadi Busia, injini imezimwa na magurudumu ya nyuma yako barabarani. Magurudumu huizungusha propela shafti, nayo shafti kuu ya giaboksi huzunguka, lakini shafti ya chini inayorusha mafuta imelala. Hivyo gari lililokuwa na ubovu wa injini tu hufika gereji likiwa na ubovu wa pili. Dawa yake ni kufungua propela shafti kabla ya kuvuta. Kwa sababu hiyo hiyo, kuteremka kwa gia huru ili kuokoa dizeli ni hasara, mbali na hatari yake kwa roho za watu, kwani breki pekee haziwezi kuzuia tani nyingi mteremkoni.

Dereva naye ana wajibu wake. Akiona dalili za joto, asimame mahali sawa, aweke kigingi kwenye magurudumu, aiache injini izunguke polepole kwa dakika chache katika gia huru ili mafuta yaendelee kurushwa bila mzigo, kisha aizime na kungoja. Asimwagie giaboksi maji baridi, kwani chuma chenye moto chaweza kupasuka. Asifungue kizibo mafuta yakiwa yanachemka.

Katika majeshi yaliyorithi taratibu za Waingereza, dereva hulikagua gari mara 3: kabla ya safari, kila anapopumzika njiani, na mwisho wa safari. Analoliona hulieleza, na taarifa yake haichukuliwi kuwa malalamiko au uvivu. Jambo hilo la mwisho ndilo linalokosekana katika uchukuzi wetu. Dereva anayejua kwamba akisimama nusu saa atakatwa ujira hatasimama. Ataendelea mpaka chuma kishike chuma.

Najua wenye magari watajibu kwamba nauli ni ndogo, washindani ni wengi, na mafuta bora ni ghali. Hayo ni kweli. Lakini lita chache za mafuta na nusu saa ya kungoja haziwezi kulinganishwa na bei ya giaboksi, siku za gereji, na samaki waliooza barabarani. Na hizo ni hasara za mali tu. Gia ikichomoka mteremkoni, hasara ni ya watu.

Kwa hiyo yatupasa tubadili swali. Kabla ya kumwuliza dereva amefanya nini, kila mwenye gari ajiulize amempa mzigo wa kiasi gani, mafuta gani, na ruhusa gani ya kusimama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na giaboksi ni ukuta wa gharama kubwa.