Kiti Kitupu Hakilipi Mshahara

Neno la Mhariri

Oktoba 2021, wanafunzi wa Kinshasa waliandamana mpaka Palais du Peuple, jengo la Bunge letu, wakaingia ndani na sare zao nyeupe na buluu. Walimu wao walikuwa kwenye mgomo tangu shule zilipofunguliwa, nao walitaka walimu hao wasikilizwe ili masomo yaanze. Watoto wale waliielewa Katiba kuliko wengi wetu. Walijua kwamba ugomvi wa mwalimu na serikali una mtu wa tatu ndani yake, naye ni mbunge, kwa sababu fedha za umma hutoka kwa bajeti anayoipigia kura yeye.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya sendika za wafanyakazi wa umma: walimu, wauguzi, makarani wa ofisi za mkoa, na wafanyakazi wa SNCC, shirika la reli lenye makao yake hapa Lubumbashi. Ninayotaka kusema ni haya. Sendika zetu hazina upungufu wa mikataba. Zimekwisha kutia sahihi mingi. Kinachokosekana ni Bunge kuchukua mikataba hiyo na kuiandika ndani ya sheria ya fedha. Na wabunge wetu wanapotaka kuonyesha hasira, mara nyingi huchagua njia isiyomfaa mfanyakazi hata kidogo: kususia kikao au kuvuruga ukumbi.

Tuanze na Mbudi. Mwaka 2004, huko Mbudi, Kinshasa, serikali na sendika za utumishi wa umma walikubaliana juu ya ngazi za mishahara, tarishi wa ofisi akianzia dola 208 kwa mwezi. Serikali zimepishana, mawaziri wamebadilishana viti, na bado jina la Mbudi linarudi midomoni kila mgomo unapozuka. Ahadi ni deni, na hili limekwisha kupita miaka 20. Kisha ikaja mikataba ya Bibwa. Baada ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa bure mnamo Septemba 2019, walimu na serikali waliketi huko kuzungumzia nyongeza ya mishahara na hatima ya walimu wasiolipwa. Karatasi zikatiwa sahihi tena, na migomo ikarudi tena.

Mfikirie mwalimu wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliyepewa darasa baada ya 2019. Watoto wamemiminika, dawati la wawili linabeba wanne, lakini jina lake halimo kwenye orodha ya malipo. Zamani wazazi wangemchangia. Desturi hiyo ya mzazi kubeba mshahara wa mwalimu ilianza miaka ya 1990, hazina ya Zaire ilipofilisika. Siku hizi shule ya msingi ya umma hairuhusiwi kudai mchango huo. Basi asubuhi anafundisha, alasiri anapima unga wa bukari kwa kopo mbele ya nyumba yake, na mwisho wa mwezi wenzake wenye matrikule, yaani namba kwenye orodha hiyo, wanapokwenda benki, yeye anakwenda kwa mwenye duka kuomba siku za ziada. Akigoma, wazazi wanamlaumu. Asipogoma, hakuna anayemkumbuka.

Mji huu unajua mgomo unagharimu nini. Tarehe 9 Desemba 1941, wakati Lubumbashi ikiitwa Élisabethville, askari wa ukoloni waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira. Vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu, nao walitaka nyongeza. Hesabu rasmi ilitaja wafu 48. Wafanyakazi Wazungu wa kampuni hiyohiyo walikuwa na chama chao; Mwafrika alikatazwa kuwa nacho. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliitwaa Union Minière, ikazaliwa kampuni tunayoiita leo Gécamines. Mwaka huohuo sendika zote zikaunganishwa kwa nguvu kuwa moja, UNTC, ambayo baadaye iliitwa UNTZA. Mwajiri na msemaji wa mfanyakazi wakawa chini ya mkono mmoja hadi 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Ibara ya 38 ya Katiba ya 2006, inayolinda sendika, na ya 39, inayolinda mgomo, zimelipiwa tayari na watu wa hapa.

Ndiyo maana tuna haki ya kuwauliza wabunge wanafanya nini na silaha zao. Ibara ya 138 inawapa swali la mdomo na la maandishi, kumhoji waziri, tume ya uchunguzi. Wanaweza kuangusha serikali nzima. Lakini Desemba 2020, mwezi ambao bajeti hupitishwa, nchi ilishuhudia wabunge wakipigana na kuvunja viti ukumbini, na tarehe 10 Spika Jeanine Mabunda akaondolewa kwa kura 281 dhidi ya 200. Nguvu yote ile ilitumika kugombea uongozi wa Bunge lenyewe. Mwalimu wa Katuba hakuongezewa hata franka moja.

Sikatai upinzani wa wabunge. Novemba 1980, wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya wazi kumweleza jinsi utawala wake ulivyoiharibu nchi. Miongoni mwao alikuwa Frédéric Kibassa Maliba wa Katanga. Walinyang'anywa viti vyao, wakakamatwa, wakapelekwa uhamishoni vijijini. Upinzani wao uliwagharimu wenyewe, ndiyo sababu ulisikika.

Hata kususia kikao kuna mahali pake. Februari 2011, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, gavana Scott Walker alileta muswada wa kuwapokonya wafanyakazi wengi wa umma haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia sendika. Maseneta 14 wa upinzani wakavuka mpaka na kuingia jimbo la Illinois ili akidi isitimie. Walichelewesha muswada kwa wiki tatu, na muda huo wananchi walijaa mitaani wakiusoma kipengele kwa kipengele. Lakini mwishowe walio wengi waliondoa sehemu za fedha zilizohitaji akidi kubwa, wakapitisha zilizobaki bila wao.

Kwetu sisi, mtego ni mkali zaidi. Ibara ya 118 inataka zaidi ya nusu ya wabunge wote wawepo, kwa hiyo kutoka ukumbini kunaweza kukwamisha kikao. Lakini soma na ibara ya 126. Serikali huleta bajeti kufikia tarehe 15 Septemba. Isipopigiwa kura kabla ya mwaka mpya kuanza, Rais anaifanya ianze kutumika kwa pendekezo la serikali, akizingatia marekebisho ambayo mabaraza mawili ya Bunge yamekwisha kuyapitisha. Maana yake, mbunge aliyetoka ameiachia serikali tarakimu zake zilezile. Aliyebaki na kupitisha rekebisho ameacha alama ambayo Katiba inataka izingatiwe. Nayo ibara ya 134 inamdai mbunge anayeongeza matumizi aonyeshe fedha zitatoka wapi. Hiyo ndiyo kazi ngumu, na ndiyo tunayoitaka: ataje matumizi ya ofisi kubwa za nchi, likiwemo Bunge lenyewe, yatakayopunguzwa ili orodha ya walimu ikamilike.

Watasema hazina ni ndogo na vita ya mashariki inakula fedha. Ni kweli vita inakula fedha. Basi serikali iseme hayo kwa maandishi, mbele ya Bunge, pamoja na ratiba: mwaka huu wangapi wataingia kwenye malipo, mwaka ujao wangapi. Mfanyakazi anaweza kuvumilia ratiba inayotekelezwa. Kinachomvunja moyo ni mkataba unaosainiwa ili mgomo uishe, kisha unasahauliwa mgomo ukishaisha.

Sendika nazo zina kazi ya kufanya nyumbani. Zimekuwa nyingi mno, na mara nyingi mwanachama wa Lubumbashi husikia kwenye redio kwamba viongozi wamekubaliana Kinshasa. Mkataba usomwe kwa wanachama na upigiwe kura kabla ya kutiwa sahihi. Hesabu zake zipelekwe kwa wabunge wa mkoa kabla ya Septemba, wakati tarakimu bado zinaweza kubadilishwa.

Kwa upande wetu, bajeti itakapofikia mwisho wake Desemba, gazeti hili litachapisha majina ya wabunge wote wa mkoa wetu wa Haut-Katanga, na mbele ya kila jina rekebisho alilopendekeza kuhusu mishahara ya wafanyakazi wa umma, na kura aliyopiga. Asiyependekeza lolote, nafasi yake itaachwa wazi, na wapiga kura wake wataisoma.