Kabla ya Kununua Kilebu, Muulizie Mama Yake

Mkulima wa Nyamira hanunui mtamba kwa kutazama ngozi. Atauliza mama yake hukamuliwa lita ngapi, amezaa mara ngapi, amewahi kuugua nini. Asiporidhika, atapanda bodaboda akajionee mwenyewe zizini. Ndivyo tulivyolelewa. Hata katika ndoa, wazee wa Gusii walimtuma esigani, yaani mshenga, achunguze ukoo kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka bomani. Lakini mkulima huyo huyo akitaka mbwa, hutazama picha kwenye simu, akatuma pesa kwa M-Pesa, kisha akangoja katoni ishushwe kutoka kwenye matatu.

Anayafanya hayo kwa sababu ya imani moja iliyoenea kutoka Keroka hadi Ogembo, kwamba mbwa wa ghali ndiye mbwa bora. Akishaitwa German Shepherd, Rottweiler au Japanese Spitz, jina linakuwa dhamana na bei inakuwa ushahidi. Imani hii ni ya uongo, na inaua.

Nami niliiamini. Katoni yangu niliipokea stejini mjini Kisii, jioni ya mvua. Ndani mlikuwa na kilebu mwenye masikio makubwa na tumbo lililojaa minyoo. Muuzaji aliniapia kwamba ana miezi miwili na amechanjwa. Siku ya nne aliacha kula, na siku ya sita alikuwa akihara damu. Daktari wa mifugo alisema ni ugonjwa wa parvo, tena akanionyesha kwa meno yake kwamba hakuwa amefikisha hata wiki 6. Alikufa usiku huo. Nilipompigia muuzaji nimuulize mama wa kilebu yuko wapi, alikata simu.

Leo najua kwa nini swali hilo halijibiwi. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi, na joto humrudia kila baada ya miezi sita au saba. Anayemwona kama mtambo wa pesa hampumzishi. Joto likija anapandishwa, akizaa ananyang'anywa watoto mapema, na safari inaanza upya. Kilebu anahitaji kukaa na mama yake wiki 8 hivi, na chanjo zake hurudiwa mpaka afikishe wiki 16. Kila wiki ya kungoja ni gharama ya chakula na dawa, kwa hiyo wiki hizo ndizo zinazoibwa kwanza. Mama naye amebaki mifupa, chuchu zinaning'inia, amefungiwa kwenye kibanda cha mabati. Ukimwona hutanunua, ndiyo maana huonyeshwi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kilebu huyu hutembezwa mpaka mlangoni pako.

Hiyo damu safi anayosifiwa nayo mbwa wa ghali si kinga. German Shepherd wengi hurithi ubovu wa nyonga, na mzalishaji asiyejali, anayempandisha baba kwa binti yake, huzidi kuupandikiza ubovu kama huo katika kizazi kinachofuata. Unalipia mlinzi, unaletewa mgonjwa.

Nitaambiwa kwamba vijana hawana ajira, na kwamba mashamba yetu yamegawanywa mpaka hayafugiki ng'ombe, ilhali mbwa jike hahitaji ekari. Hoja hiyo naiheshimu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii pekee, na ardhi haijaongezeka. Lakini kijana anayemtunza mbwa wake hana cha kuficha. Amkaribishe mnunuzi bomani, amwonyeshe mama, amsomee kadi ya chanjo. Atauza kwa bei nzuri na wateja watarudi. Swali langu linamchoma yule tu anayemficha mama.

Kwingine wameshaamka. Nchini England, tangu tarehe 6 Aprili 2020, mchuuzi wa kati haruhusiwi kuuza kilebu asiyefikisha miezi sita; anayetaka kununua humwendea mzalishaji mwenyewe. Sheria hiyo inajulikana kwa jina la Lucy, jike aliyeokolewa Wales akiwa amepinda mgongo kwa kufungiwa kizimbani na kuzalishwa mfululizo. Sisi tuna Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inayoharamisha kumtesa mnyama. Tuna pia Katiba ya 2010, ambayo Jedwali lake la Nne linazikabidhi kaunti ustawi wa wanyama na kutaja waziwazi leseni za mbwa. Mamlaka hayo yako mikononi mwa mabunge ya kaunti ya Kisii na Nyamira. Wawakilishi wadi watunge sheria ya kaunti yenye masharti mawili: kilebu asiuzwe kabla ya wiki 8, wala asiuzwe pasipo mnunuzi kumwona mama yake.

Lakini tusiwangoje. Mama yule aliyefungiwa kibandani anazalishwa kwa pesa zetu, shilingi kwa shilingi, kila tunapolipia picha. Tuzizuie mpaka tumwone kwa macho yetu. Kama mtamba wa maziwa anaulizwa mama, mbwa tunayemkabidhi usingizi wa watoto wetu aulizwe pia.