Daftari la Rafu

Wapo watu, tena wengi, wanaoshikilia kwamba Rolling Stones waliwashinda Beatles katika jambo moja: matumizi ya makombo. Kwa makombo nina maana ya nyimbo zilizorekodiwa, zikaachwa, zikalala kabatini, kisha zikatolewa miaka mingi baadaye. Rafiki yangu mmoja, mstaafu mwenzangu, ambaye tumebishana juu ya jambo hili tangu nywele zetu zilipokuwa nyeusi, husema hivi: "Mwalimu, Beatles walituuzia pumba. Stones waliirudisha pumba kinuni wakatupa unga."

Usemi huo ni mtamu, lakini utamu wa usemi si ukweli wake. Nakusudia kuupinga. Msomaji asiharakishe kuniuliza mzee kama mimi ana shughuli gani na santuri za Waingereza. Jibu litakuja lenyewe.

Kwanza nimtendee haki mpinzani wangu. Mwaka 1981 Stones walihitaji santuri mpya ya kuandamana na ziara yao ya Marekani, na nyimbo mpya hawakuwa nazo za kutosha. Fundi wao wa sauti, Chris Kimsey, akapekua kanda za zamani. Humo ukapatikana "Start Me Up", wimbo uliojaribiwa sana kwa mapigo ya rege, ukarekodiwa Paris mwaka 1978 kwa mapigo tunayoyajua leo, kisha ukawekwa kando. Ukapatikana pia "Waiting on a Friend", ulioanzia Kingston, Jamaika, mwaka 1972. Mick Jagger akaongeza maneno na sauti, Sonny Rollins akaletwa kupuliza saksafoni, na santuri ikatoka kwa jina la Tattoo You. Sikatai kwamba ni santuri nzuri. Hata wajukuu wangu huicheza.

Lakini hebu tuligeuze jalada. Katika "Waiting on a Friend" limo gitaa la Mick Taylor, mtu aliyekuwa ameiacha bendi tangu Desemba 1974. Jina lake halikuandikwa. Ikambidi adai mwenyewe sehemu yake ya mapato. Huo ndio ubaya wa kinu anachokisifu rafiki yangu: unga ukishalainika, hakuna anayeuliza nani alilima.

Mwaka 2010 walirudia. Exile on Main St., santuri yao ya mwaka 1972, ilitolewa upya pamoja na nyimbo kumi za ziada, na Jagger, aliyekuwa amepita miaka 65, aliziimbia baadhi ya kanda hizo sauti mpya. Hakulificha jambo hilo, nami simwiti mwongo. Nasema tu kwamba mwalimu akifungua daftari la miaka 38 iliyopita akakuta wino wa juzi, hawezi tena kujua mwanafunzi alikwama wapi.

Beatles walifanya vingine. Katika mikusanyo ya Anthology, iliyotoka mwaka 1995 na 1996, walifungua daftari lao la rafu. Umo wimbo "If You've Got Trouble" wa mwaka 1965, uliotungwa ili Ringo Starr auimbe. Ni wimbo dhaifu kabisa, na waliutoa ukiwa na udhaifu wake. Umo "Not Guilty" wa George Harrison, wa mwaka 1968, ambao hesabu ya majaribio yake ilifika namba 102. Mia moja na mbili! Na baada ya jasho lote hilo haukupata nafasi katika santuri yenye nyimbo 30. Harrison akaustahimilia mpaka akaurekodi upya katika santuri yake mwenyewe, iliyotoka mwaka 1979. Ni funzo gani kubwa kuliko hili kwa kijana anayedhani wenye vipaji hawafuti?

Najua rafiki yangu atanijibu nini. Atasema hata hao Beatles walichukua kanda ya nyumbani ya John Lennon, aliyeuawa mwaka 1980, wakaongeza sauti na vyombo vyao, wakatoa "Free as a Bird". Atasema mafundi wao walikata kanda na kuziunga. Ni kweli, na sitawatetea kwa kila mkasi. Lakini fungua vijitabu vya maelezo vya mikusanyo hiyo: utaona wimbo ulirekodiwa lini na nani alishiriki. Rafu ilitolewa kwa jina la rafu, na kila mkono ukatajwa.

Sasa nije kwenye jibu nililoahidi. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikuta kabatini madaftari ya mkufunzi mmoja aliyehamishwa. Yalikuwa maandalio ya masomo ya hesabu, yamejaa mistari iliyokatwa na maneno ya pembeni: "Hapa hawakuelewa. Jaribu kwa vijiti." Nikayachukua. Nikayapanga, nikayasafisha, nikaongeza sura mbili zangu, nikachapisha kijitabu kikatumika chuoni kwa miaka. Juu ya jalada palikuwa na jina moja tu, langu.

Mwenye madaftari alikuja kututembelea baadaye. Alikishika kile kijitabu, akafunua kurasa polepole, akakirudisha mezani. "Kazi nzuri, Mwalimu," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo rafiki yangu anaponisifia kinu, namsikia yule mkufunzi akimeza maji. Si jina lake tu nililolifuta. Nilifuta na ile mistari iliyokatwa, ambayo ingewaambia vijana wangu kwamba hata mkufunzi wao hushindwa Jumatatu akafaulu Alhamisi. Niliwapa unga, nikawanyima shamba.

Madaftari yale sikuyatunza, mchwa waliyamaliza. Vijitabu vilivyobaki kwangu ni vinne, na jina lake nimeliandika kwa kalamu kwenye kila jalada, juu ya langu. Wino wake ni mpya, na mtu yeyote atauona kuwa mpya. Sitaki uonekane vingine.