Mbwa wa kwetu mwenye mwendo wa farasi

Katika misitu ya Kongo yuko mbwa mdogo mwekundu, mwenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Habweki kama wenzake. Kwa hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua yuko wapi anapofukuza nyama. Wengi wetu twampita bila kumtazama. Lakini mwaka 1937 mbwa huyu alionyeshwa London, katika maonyesho makubwa yaitwayo Crufts, na watu wakamiminika kumwona. Huko Ulaya huitwa Basenji, jina lililo ndugu wa neno letu la dharau, «washenzi».

Katika maonyesho kama hayo, mwamuzi hatosheki kumwona mnyama akisimama. Huamuru atembezwe, kwa maana mwendo hufichua umbo. Na wanaomjua Basenji hulinganisha mbio zake ndogo na za farasi bora. Sababu ni nini?

Tazameni kwanza bega. Sisi watu tuna mtulinga, mfupa uungao bega na kifua. Farasi hana mfupa huo, na wa mbwa ni kipande kidogo kisichounga kitu. Miguu yao ya mbele hushikwa na misuli na kano tu, nayo hubeba karibu sehemu 60 katika 100 za uzito wote. Mfupa mpana wa bega ukilala nyuma, mguu hufika mbali na kutua polepole. Ukisimama wima, hatua huwa fupi, na kishindo huumiza viungo.

Miguu ya nyuma ndiyo isukumayo. Katika mbio ndogo, mguu wa mbele wa kuume huenda pamoja na wa nyuma wa kushoto. Basi, nguvu ya nyuma isipolingana na urefu wa hatua za mbele, miguu hugongana, au mnyama huenda upande. Basenji ana mgongo mfupi ulionyoka na miguu mirefu. Hatua zake hulingana, naye hachoki upesi.

Umbo hilo halikutokana na maonyesho. Lilitokana na uwindaji wa vizazi vingi, kwa kuwa mbwa asiyeweza kukimbia hakuwa na kazi. Kwingineko watu walichagua sura tu. Buldogi wa Uingereza alifupishwa pua hata akapumua kwa shida, na mwaka 2009 chama kiitwacho Kennel Club kilibidi kurekebisha sheria za umbo lake.

Hata Basenji wa ng'ambo walipatwa na hatari. Kwa kuwa walizaliwa na mababu wachache mno, ugonjwa wa figo ulienea kati yao. Ndipo mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walipokuja Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire, wakatafuta mbwa wapya katika vijiji vya kaskazini-mashariki. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kiliwakubali katika daftari lake.

Dawa ya mbwa wa maonyesho, basi, ilitafutwa vijijini kwetu. Wazazi, msiache mbwa wa wawindaji wapotee kwa kudharauliwa. Nanyi wanafunzi, apitapo mmoja mbele yenu, tazameni bega lake linavyoteleza chini ya ngozi, mkajifunze.