Mnada wa bunduki: bei nafuu iko kwenye hesabu



Tangu niwaambie kwamba huku Marekani bunduki hupigwa mnada kama ng'ombe wa Pugu, maswali hayaishi. Eti ni kweli zinakwenda kwa bei ya kutupa? Inawezekana. Ila mimi naona wengi wanaotoka mnadani wakichekelea wamelipa kuliko bei ya dukani, na hawajui.

Sababu ni kwamba dalali akigonga nyundo, hiyo siyo bei utakayolipa. Chukulia bunduki imegongwa kwa dola 400. Kamisheni ya mnunuzi asilimia 20, dola 80. Kodi ya mauzo asilimia 6, karibu dola 29. Ikiwa umeshindana kwa intaneti na mnada uko jimbo jingine, haiji mlangoni kwako. Inatumwa kwa muuza silaha mwenye leseni katika jimbo lako: usafirishaji dola 45, ada yake dola 30. Jumla dola 584. Kama dukani inauzwa 550, umeliwa!

Kwa hiyo anza hesabu kutoka mwisho. Kwa mfano huu, ukipita dola 373 hakuna nafuu tena. Mimi ningeishia 320, maana jumla ni dola 482. Andika kikomo chako kwenye karatasi kabla mnada haujaanza, kikifika weka mkono mfukoni. Dola za kubeba boksi zina uchungu jamani.

Nafuu yenyewe mara nyingi iko kwenye minada ya mali za marehemu, ambako bunduki mbili tatu zimechanganywa na makabati na matrekta, na wakusanyaji wakubwa hawaji. Nenda siku ya ukaguzi na tochi. Hakikisha haina risasi, kisha mulika ndani ya mtutu. Kitako kilichokwaruzika kisikutishe, hicho hushusha bei tu. Kutu ndani ya mtutu ndiyo ya kukimbia.

Sasa nyie binamu zangu mnaosema "tununulie moja, tulinde ng'ombe". Hapana. Fomu ya serikali, namba 4473, inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukidanganya ni jinai, na sheria ya 2022 inatoa kifungo cha hadi miaka 15 kwa anayemnunulia mtu asiyeruhusiwa. Kuisafirisha nje nako kunataka kibali, na huko Tanzania sheria ya silaha ya 2015 inataka leseni. Vijana mliopo huku kwa viza ya masomo, kwa kawaida nanyi hamruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya kuwindia. Ulizeni kwanza.

Hakuna punguzo la bei linalolingana na miaka 15 jela.

Wasalimieni wazee wote. Tuko pamoja.