Mzee Zawose na Noti Isiyopo Kwenye Kinanda

Tukiongelea muziki hapa chuoni, swali la kwanza ni "kaimba nani?" Hakuna anayeuliza "kapiga nani?" Mwimbaji tunamjua, mpenzi wake tunamjua, gari lake tunalijua. Hata produsa tunamjua, kwa sababu anajitaja mwenyewe mwanzoni mwa wimbo. Mpiga chombo yuko nyuma huko, gizani. Leo naomba kumsifia mtu ambaye kwangu mimi vidole vyake ndiyo habari yenyewe: marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mpiga ilimba na zeze.

Najua aliimba, tena aliimba kweli, sauti ikitoka chini kabisa na kupanda mpaka ukajiuliza kama ni mtu yuleyule. Msinishambulie. Ila mimi nikimsikiliza nasubiri pale anaponyamaza na kuacha chombo kiongee.

Ilimba ni ile ambayo wengi mnaiita marimba ya mkono: sanduku la mbao, juu yake vipande vya chuma vimepangwa, unavidonoa kwa vidole gumba. Hiyo ni sura ya nje tu. Kwenye sanduku kuna vitundu, na juu ya vitundu hubandikwa kile kiwambo chembamba ambacho buibui hufunikia mayai yake. Chuma kikilia, kiwambo kinatetemeka, sauti inatoka na mvumo kama nyuki wamefungiwa ndani. Kuna na vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vipo ili vitetemeke vyenyewe vingine vinapodonolewa. Yaani mtu mmoja anapiga, lakini chumba kizima kinaitikia.

Halafu kuna suala la noti. Waya ukivutwa hautoi sauti moja. Ndani ya sauti hiyo zimejificha nyingine nyembamba, zinapanda kama ngazi. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya ngazi hiyo ya asili. Sauti ya saba kwenye ngazi hiyo haimo kwenye kinanda. Inaangukia kati ya vitufe viwili, karibu na kimojawapo, lakini hakuna kitufe chake. Mimi nimelelewa Sumbawanga, na Ufipa ni nchi ya parokia na kwaya. Sikio langu lilifundishwa na kinanda cha kanisani. Ndiyo maana mara ya kwanza nilipomsikia Zawose nilihisi kuna kitu kimepinda. Kusikiliza mara ya tatu, kinanda ndicho kilichoanza kuonekana kina mapengo.

Historia yake kwa ufupi, maana iko mitandaoni. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akawa mmoja wa wasanii wa taifa, baadaye akahamia Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa ambacho leo ni TaSUBa. Hapo ndipo familia yake ilipoota mizizi. Alifariki Desemba 2003.

Kinachonivutia zaidi ni alichofanya mwaka mmoja kabla ya kufa. Mwaka 2002 ilitoka albamu ya Assembly, kazi yake na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada, chini ya lebo ya Real World ya Peter Gabriel. Mzee wa Kigogo, gitaa la umeme, mitambo ya studio. Ukisoma hivyo unategemea vurugu. Lakini sikiliza: gitaa la Brook halimkimbizi mzee. Linatanda nyuma, kama ukungu wa asubuhi kwenye milima ya Mbizi, na ilimba inatembea ndani yake kwa mwendo wake uleule, na mvumo wake uleule, na ile noti yake. Hakuna aliyemsafisha.

Sisi mchanganyiko tunaoujua ni mwingine. Unachukua biti, unaweka sekunde kumi za ngoma ya asili pale mwanzo, kisha ngoma inakatwa, kazi inaanza. Ngoma ni kama shela ya bibi harusi, inavaliwa saa moja. Kwa Zawose chombo cha asili ndicho nyumba, na mgeni ndiye aliyevua viatu mlangoni.

Na kuna wageni waliojua kuvua. Mwaka 2005 Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, alizunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akitafuta asili ya banjo yake. Hapa nchini alipiga na Anania Ngoliga, msanii asiyeona ambaye naye ni fundi wa ilimba. Albamu ya safari hiyo, iliyotoka 2009, ilipata Grammy, na jina lake kwa Kiingereza ni tafsiri ya Bagamoyo: bwaga moyo. (Mnaotutania watu wa Sumbawanga kila siku kuhusu radi na ungo, kumbukeni kwetu maana yake husemwa kuwa ni "tupa uchawi". Tumeshatupa. Asiyetupa ni nani?)

Sasa, kwa nini mwanafunzi wa ualimu ajisumbue na haya? Kwa sababu ya darasani. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja huko kwetu, nilikuwa na fasihi simulizi kidato cha pili. Nikawasha spika ndogo, nikawawekea ilimba, bila kuimba. Mmoja akasema, "Mwalimu, spika imepasuka." Darasa likaangua kicheko. Nikawaeleza habari ya buibui. Kimya. Binti mmoja akauliza kama buibui wa Ufipa nao wanafaa. Kesho yake wavulana watatu wakaja na kopo la rangi, kipande cha ubao na spoku za baiskeli zilizogongwa zikawa bapa. Kililia vibaya mno, lakini kililia, na siku hiyo sikuhitaji kumtisha mtu ili asikilize kipindi. Na chuma si kigeni kwetu: babu zetu Wafipa waliyeyusha chuma kwenye matanuri marefu kuliko mtu, na masalia yake bado yako kule juu uwandani.

Tunaambiwa mtaala mpya unataka stadi, unataka amali. Sawa. Lakini mwalimu anayetoka hapa bila kuwahi kushika chombo hata kimoja atafundisha ngoma kwa kuandika "aina za ngoma" ubaoni, watoto wanakili, mtihani, basi.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Kila mwaka tunakodi muziki mkubwa kwa ajili ya bash, usiku mmoja, asubuhi gari linaondoka nao. Sipingi bash, mimi mwenyewe nacheza. Tukate robo tu ya fedha hizo, tununue ilimba tano na zeze mbili, tumlipe fundi mmoja kutoka Dodoma nauli na posho ya wiki mbili. Wenye laptopu zao za kutengeneza biti waje pia, wakae naye, wahangaike na ile noti ambayo programu zao hazina mpaka uitafute. Bajeti bado haijapitishwa.